Picha za ubongo hufichua maradhi yanayodhaniwa kuwa uzee

KATIKA vijiji vinavyopakana na mashamba ya majanichai ya Kericho na Bomet, mkongwe anapoanza kusahau, kuburuta miguu na kujikwaa kwenye njia aliyoizoea, jamaa zake aghalabu husema ni umri. Wakati mwingine umri husingiziwa. Kinachomdhuru huenda ni maradhi ya mishipa midogo ya damu iliyo ndani ya ubongo.

Shinikizo la damu lisilodhibitiwa kwa miaka mingi hufanya kuta za mishipa hiyo kuwa nene na ngumu, damu ikapita kwa shida. Kisukari na uvutaji wa sigara huzidisha madhara. Takriban kiharusi kimoja kati ya vinne vinavyotokana na kuziba kwa mishipa husababishwa na maradhi haya.

Kwa kuwa dalili zake hufanana na za maradhi mengine, daktari huhitaji picha za ubongo ili kuyathibitisha. Mtambo wa CT, unaotumia miale ya eksirei, hutambua upesi damu iliyovuja kwa wingi. Hata hivyo, madhara madogo huweza kuukwepa. Picha safi ya CT si thibitisho kwamba mishipa midogo imesalimika.

Mtambo wa MRI, unaotumia sumaku, huona zaidi. Huonyesha mabaka meupe, vishimo vya milimita 3 hadi 15 palipokufa sehemu ya ubongo, na vitone vyeusi palipovuja damu. Kipimo cha Fazekas, kilichobuniwa mwaka wa 1987, huyapanga mabaka hayo kuanzia 0 hadi 3. Mabaka machache ni ya kawaida uzeeni, hivyo daktari hulinganisha picha na hali ya mgonjwa.

Vitone vya damu ni onyo pia: mzee asinunue aspirini dukani bila ushauri wa daktari, kwani dawa hiyo huongeza hatari ya kuvuja damu.

Kwa familia inayotegemea bonasi ya chai, gharama ya MRI ni mzigo, na picha hairejeshi kilichokwisha kufa. Lakini kupimwa presha hakuhitaji mtambo mkubwa. Hata zahanati ya kijijini huweza kuanzia hapo. Presha ikigunduliwa mapema na dawa zikamezwa kila siku kama alivyoagiza daktari, mishipa iliyosalia hupata kinga. Mkono au upande wa uso ukilegea ghafla, mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja.