Kwa Nini Vilevi Huunasa Upesi Ubongo wa Kijana

Katika milima ya Usambara, kijana anayetaka kilevi hahitaji kusafiri mbali. Boha, pombe itokanayo na miwa, hutengenezwa majumbani. Bangi hupatikana kwa siri. Na mirungi, mmea wa asili wa misitu ya milimani ya Afrika Mashariki, hutafunwa licha ya kukatazwa na sheria. Kijana anapobadilika tabia, wapo wasemao amekosa adabu, na wapo wasemao amerogwa. Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya ubongo wake, kwa kuwa jina tunalolipa tatizo ndilo huamua mahali tunapompeleka mgonjwa.

Ubongo hukomaa kwa awamu. Sehemu za ndani, zinazohusika na hisia na raha, huchangamka mapema, wakati wa kubalehe. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kuzuia pupa, hukomaa mwisho, katika umri wa miaka 25 hivi. Katika kipindi hicho ubongo hupunguza viunganishi visivyotumika, kama mkulima wa Lushoto apogoavyo mpeasi ili matawi yanayobaki yazae vema. Aidha, nyuzi za neva hufunikwa kwa utando wa mafuta uitwao mayelini ili taarifa zisafiri haraka. Kinachorudiwa huimarishwa, kisichotumika huondolewa. Ndiyo sababu kijana hujifunza ufundi upesi, na kwa sababu hiyo hiyo uraibu humwingia upesi.

Vilevi vinavyoleta uraibu huongeza dopamini, kemikali inayouarifu ubongo kwamba jambo fulani ni muhimu na lirudiwe. Ubongo unapozidiwa hujihami kwa kupunguza mwitikio wake kwa kemikali hiyo. Hapo kijana hafurahii tena masomo, mpira wala marafiki. Hutafuta kilevi ili tu ajisikie wa kawaida. Huo si ukaidi, bali ni dalili ya ugonjwa.

Kila kilevi kina njia yake. Pombe hudhuru hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu mpya. Bangi huvuruga kemikali za asili zinazosaidia kupanga viunganishi vya ubongo. Kuitumia mara kwa mara tangu ujanani huongeza uwezekano wa kupata saikosisi, hasa pale ambapo ugonjwa huo umo katika ukoo. Mirungi mibichi ina kathinoni, inayofanana na amfetamini, nayo hufukuza usingizi ambao ubongo unaokua unauhitaji sana. Nikotini ya sigara na ugoro huleta uraibu hata kwa mtumiaji aliyeanza kwa kujaribu tu.

Mhudumu wa afya anapomwona kijana asiyelala, aliyeshuka kimasomo au anayejitenga, amwulize faraghani na bila kumhukumu: anatumia nini, tangu lini, mara ngapi, na kwa sababu gani. Anayesikia sauti zisizokuwapo, au anayesema kwamba anataka kujiua, asirudishwe nyumbani kusubiri. Apewe rufaa siku hiyo hiyo. Katika milima hii hii, hospitali ya Lutindi, wilayani Korogwe, imehudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Kwa wazazi na walezi, kumpiga kijana au kumfunga kamba hakutibu uraibu, humfundisha kuficha. Vilevile, anayekunywa pombe nyingi kila siku asiachishwe ghafla nyumbani, kwani anaweza kupata degedege na hata kufa. Aachishwe chini ya uangalizi wa daktari. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupokea simu bila malipo kupitia namba 119.

Ubongo unaonaswa upesi huweza pia kupona ukisaidiwa mapema, ingawa kupona huchukua miezi na kurudia kilevi si ajabu. Kinga iliyo bora ni kuchelewesha: kila mwaka ambao kijana anapita bila kuonja kilevi huipa sehemu ya mbele ya ubongo muda wa kukomaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe na sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Muuzaji anayeiheshimu sheria hiyo, na mzazi asiyemtuma mtoto kilabuni, wote wawili wanafanya kazi ya tiba.