Gurudumu la Mishumaa

Majuma yapata manne yaliyo mbele ya sikukuu ya Noeli huitwa Majilio, yaani siku za kumngoja Bwana. Lakini mtu awezaje kufurahi siku hizi, ikiwa ghala yake ni tupu, mvua imechelewa, na mwanawe aliye mbali haandiki barua? Swali hili ni la haki, wala hatutaki kulijibu kwa maneno matupu. Afadhali tueleze habari ya watoto wa Hamburg, mji wa bandari katika Ujerumani.

Mwaka 1833 Johann Hinrich Wichern, kijana wa miaka 25, alifungua karibu na mji huo nyumba ya kulea watoto maskini, iitwayo Rauhes Haus. Shida hakuisoma vitabuni: alipokuwa na miaka 15 baba yake alikufa, naye ndiye mzaliwa wa kwanza, ikambidi kufanya kazi ili awasaidie mama yake na wadogo zake.

Yasimuliwa ya kwamba watoto wale walimsumbua kwa swali moja: Noeli itakuja lini? Basi mwaka 1839 alitwaa gurudumu la gari, akalipanga mishumaa 24: midogo myekundu 20 kwa siku za kazi, na mikubwa myeupe 4 kwa Jumapili. Majilio ya mwaka huo yalianza tarehe 1 Desemba. Kila siku uliwashwa mshumaa mmoja zaidi. (Hata hesabu wadogo walijifunza hapo, jambo ambalo waalimu watalipenda.)

Sisi tukaao karibu na Ikweta hatulijui vema giza la huko. Mwezi wa Desemba jua la Hamburg huchomoza yapata saa mbili u nusu asubuhi, na saa kumi alasiri limekwisha kuchwa. Tena mchana huzidi kufupika mpaka karibu na Noeli. Basi mchana ulipopungua, nuru ya gurudumu iliongezeka. Walakini usiku wa kwanza ulikuwa mshumaa mmoja tu, na pembe za chumba zilikuwa giza. Wichern hakuwaambia watoto ya kwamba giza limekwisha. Aliwapa kitu cha kuhesabu.

Baadaye gurudumu lilipunguzwa likawa shada la majani mabichi na mishumaa minne, na katika karne ya 20 Wakatoliki nao walilipokea. Kwao Jumapili ya tatu ni ya furaha, na jina lake, Gaudete, latoka katika waraka wa Paulo kwa Wafilipi. Waraka huo Paulo aliuandika akiwa kifungoni, asijue kama atafunguliwa au atauawa.

Mishumaa ina bei, nasi twajua nyumba nyingi zina kibatari kimoja. Watoto na wachonge vijiti 24, wavipange ukutani, na kila jioni tangu tarehe 1 Desemba, kabla ya kula kile kidogo kilichopo, aliye mdogo kupita wote aondoe kimoja.