Gawa masafa ya waifai, mtoto alale mapema

Masasi. Mzazi mwenye ruta ya intaneti nyumbani, jiulize swali moja kabla hujalala leo: nani anaitumia ikishafika saa tatu usiku?

Katika nyumba nyingi zenye kifaa hiki, kuanzia huku Lulindi hadi Newala, ruta moja yenye laini ya simu inahudumia ukoo mzima. Baba anafuatilia bei ya korosho kwenye mnada. Mama anaongea kwa video na mjomba aliyeko Mtwara mjini. Aliye sekondari anapakua masomo, na mdogo wake anaangalia katuni. Wote wanatumia jina moja la waifai na neno moja la siri.

Hapo ndipo tabu inapoanza. Mzazi akitaka watoto walale, njia aliyonayo ni kuchomoa waya wa ruta, na akichomoa, shughuli za wakubwa nazo zinakatika. Basi waya hauchomolewi, na simu inaingia kitandani pamoja na mtoto.

Hesabu ya usingizi

Wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2016: mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Kwa walio chini ya miaka mitano, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba wa miaka mitatu na minne walale saa 10 hadi 13, na muda wa kukaa mbele ya kioo usizidi saa moja kwa siku. Wa chini ya mwaka mmoja asiwekewe kioo kabisa.

Sasa piga hesabu ya nyumbani kwako. Mtoto wa darasa la tano anayeamka saa 11:30 alfajiri ili awahi shule, akilala saa 5 usiku anapata saa sita na nusu tu. Ili afikishe saa tisa, anatakiwa awe amelala saa 2:30 usiku. Mtoto asiyelala vya kutosha husinzia darasani, hukasirika haraka na hupata shida kushika anachofundishwa. Kabla hujamwita mvivu, angalia alilala saa ngapi.

Masafa mawili, kazi mbili

Ruta nyingi za kisasa hurusha mawimbi kwa masafa mawili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Fikiria ngoma na filimbi. Mlio mzito wa ngoma husikika hadi kijiji cha pili, ilhali filimbi ni kali lakini huishia karibu. Masafa ya 2.4 ndiyo ngoma: yanafika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, ila kasi yake ni ndogo. Ya 5 yana kasi, lakini hupungua nguvu haraka yanapokutana na ukuta wa tofali.

Kwa kawaida ruta huyaweka yote mawili chini ya jina moja, na kifaa kinaunganishwa bila wewe kuchagua. Ukiyagawa, utaona majina mawili kwenye simu. Hapo unaweza kuwapa watoto jina moja, wakubwa wakabaki na lingine.

Pendekezo la kuanzia ni hili: watoto wapewe la 5, wakalitumie sebuleni karibu na ruta, mahali unapowaona. Wakubwa wabaki na la 2.4, linalofika chumbani na hata barazani. Ikifika saa 2 usiku unazima la 5 peke yake. Masomo yanakuwa yamekwisha, na mama anaendelea kuongea na mjomba.

Namna ya kufanya

Kwanza, unganisha simu yako na waifai ya nyumbani. Geuza ruta uone kibandiko cha chini. Kina anwani ya namba, mara nyingi inayoanza na 192.168, pamoja na neno la siri la kuingilia.

Pili, andika namba hiyo pale unapoandikia anwani za tovuti, kisha ingia sehemu ya Wi-Fi au WLAN. Ukikuta kitufe kilichoandikwa Smart Connect au Band Steering, kizime. Majina mawili yatajitokeza.

Tatu, yape majina tofauti na maneno ya siri tofauti, yote mawili yawe mapya. Ukiacha lile la zamani, simu za watoto zitaendelea kulikumbuka. Badilisha pia neno la kuingilia kwenye ruta, maana kijana wa sekondari anajua kusoma kibandiko.

Nne, tafuta sehemu ya ratiba. Baadhi ya ruta zinajizima na kujiwasha zenyewe kwa saa uliyopanga. Hakikisha ratiba inazima masafa ya watoto tu. Kama haipo, utazima kwa mkono kila jioni.

Simu ya mtoto isipoliona jina la 5, haijaharibika. Simu nyingi za bei nafuu zinapokea 2.4 pekee. Hapo geuza mpango: watoto 2.4, wakubwa 5.

Jambo moja lieleweke. Kugawa masafa hakuongezi bando, wala hakuongezi kasi inayotoka kwenye mnara. Kama mtandao ni dhaifu, isogeze ruta juu karibu na dirisha, mbali na mabati na friji.

Vipi kuhusu mionzi?

Baadhi ya ruta huandika 5G mwishoni mwa jina, na wazazi wanashtuka wakikumbuka uvumi wa mwaka 2020 uliohusisha 5G na korona. Hapo 5G maana yake ni gigahezi 5 tu, siyo kizazi cha tano cha mtandao wa simu. Na virusi havisafiri kwa mawimbi ya redio.

Ni kweli kwamba mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa kuwa ushahidi ulikuwa mdogo. Dondoo la jani zima la mshubiri nalo limewekwa kundi hilohilo. Mawimbi ya waifai hayana nguvu ya kuvunja chembechembe za mwili kama mionzi ya eksirei, na nguvu inayorushwa na ruta ya nyumbani kwa kawaida haifiki wati moja.

Kinachomnyima mtoto usingizi ni ile video inayofuatwa na nyingine, na mwanga wa kioo usoni. Ndiyo maana ruta peke yake haitoshi. Mtoto mwenye bando lake atahama waifai na kuendelea. Simu zote za watoto zilale chumbani kwa wazazi, na sababu waelezwe mapema, mchana, siyo usiku wakati wa kunyang'anyana.