Yai Lililopanda Basi

Ufugaji wa Kuku Nyumbani: Sehemu ya Nne

Wiki iliyopita tuliikagua mashine ya kutotolesha: feni, kipimajoto, beseni la maji. Tangu hapo swali ninaloulizwa zaidi ni moja. Mtu ameona mtandaoni picha ya kuku, kuchi warefu au chotara wanono, ametuma pesa kwa simu, mayai yamefika kwa basi. Ameyaweka kwenye mashine ileile inayomtotoleshea vizuri mayai ya kuku wake mwenyewe, na siku ya 21 wametoka vifaranga saba tu. Mashine imeharibika? Nimetapeliwa? Mara nyingi jibu liko njiani, kati ya kiota cha muuzaji na stendi ya mnunuzi.

Tuanze na kilichomo ndani ya trei. Yai lenye mbegu hukaa tumboni mwa kuku, kwenye joto la nyuzi 41 hivi, kwa takriban siku nzima kabla ya kutagwa, na muda wote huo kiinitete kinakua. Likidondoka kiotani tayari limebeba kiumbe cha maelfu ya seli, kinachoonekana kama doa dogo juu ya kiini cha njano. Yai likipoa hadi chini ya nyuzi 20 hivi, ukuaji husimama kabisa na kiumbe husubiri. Hata kwenye joto kidogo zaidi ya hapo hukua polepole sana. Ndiyo maana tetea anaweza kutaga mayai 12 kwa wiki mbili, kisha akayaatamia kwa pamoja na vifaranga wakatoka karibu siku moja.

Kusubiri huko kuna kikomo. Mayai ya kutotolesha hutunzwa vizuri kwenye nyuzi 13 hadi 18, na hata hapo, yakipita siku saba, uwezo wake wa kutotoa huanza kushuka. Sasa chukua Dar es Salaam mwezi wa Februari. Mayai yako kwenye kibanda cha muuzaji, nyuzi 32: joto lisilotosha kuatamia, lakini linatosha kukiamsha kiinitete kikaanza kukua ovyo. Jioni yanaingia kwenye buti la basi. Usiku basi linapanda mlima wa Kitonga, baridi inaingia, kiinitete kinalala tena. Asubuhi boksi linashushwa stendi na kuachwa juani likisubiri bodaboda. Kila kuamshwa na kulazwa kunakidhoofisha, na ganda kwa nje linabaki vilevile, jeupe na safi.

Halafu kuna mtikisiko. Kila yai lina chumba cha hewa upande wake mpana, kati ya tando mbili zilizolala chini ya ganda. Hapo ndipo kifaranga huvuta pumzi yake ya kwanza kabla ya kudonoa ganda. Matuta ya barabarani na mzigo unaotupwa kutoka mkono hadi mkono huweza kuzitenganisha tando hizo. Ukilimulika yai la namna hiyo gizani kwa tochi ya simu, ukaliinamisha polepole, utaona hewa inateleza ubavuni kama kipovu cha pima maji ya fundi mwashi. Yai zima hewa yake haitembei. Fanya kipimo hiki siku mayai yanapofika, kabla hujagusa swichi ya mashine, na uandike namba ya kila yai lenye kipovu kinachotembea.

Mimi nilijifunza haya kwa trei moja iliyonifikia Iringa kutoka Dar. Mayai yalikuwa 30, na vifaranga waliotoka walikuwa 9. Hasira ilinituma nimpigie muuzaji, lakini kwanza nilichukua kisu na sahani nyeupe. Siku ya saba nilikuwa nimeshatoa mayai 7 yaliyoonekana matupu kwenye mwanga. Nilipoyavunja, 5 yalikuwa na kidoa kidogo cheupe kilichokazana, alama ya yai lisilo na mbegu. Mengine 2 yalikuwa na doa pana lenye duara: mbegu ilikuwepo, kiinitete kikafa mapema mno hata tochi isikione. Yakabaki 14 ya siku ya 22. Katika 9 nilikuta pete ya damu au kiumbe kidogo chenye jicho jeusi tu, kilichokufa siku za mwanzo. Katika 5 kulikuwa na vifaranga waliokomaa. Wawili kichwa chao kilielekea ncha nyembamba, mbali na hewa, na watatu walikuwa wamekaukiana na utando.

Soma sahani hiyo nami. Matano yasiyo na mbegu ni ya muuzaji na jogoo wake. Kumi na moja yaliyokufa mapema yanaelekeza kidole kwenye umri wa mayai, joto na safari. Wale watatu waliokaukiana ni wangu: Iringa iko juu, mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, yai hupoteza maji upesi kuliko Pwani, nami nilikuwa sijaongeza maji ya kutosha siku tatu za mwisho. Wawili waliogeuka vibaya siwezi kumtwika mtu mmoja. Nawasihi wafugaji, msiyatupe mayai viza jalalani bila kuyafungua. Ni risiti yenu.

Kwenye mbegu yenyewe kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui, na wachache wanalijua wakanyamaza. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini na anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa wiki mbili na zaidi baada ya jogoo kuondoka. Kwa hiyo mtu aliyemleta jogoo kuchi Jumatatu na kuuza mayai Ijumaa anaweza kuwa anakuuzia watoto wa jogoo wa zamani. Muulize jogoo huyo ameishi na matetea hao tangu lini, na je, kuna jogoo mwingine bandani? Jogoo mmoja kwa matetea 8 hadi 10 ni hesabu nzuri. Kwa Kuroiler na Sasso tahadhari ni kubwa zaidi. Hao ni machotara waliotengenezwa kwa kupandisha koo tofauti, na ukiwapandisha wao kwa wao watoto hutawanyika: huyu mkubwa, yule mdogo, utagaji usiotabirika. Anayekuuzia mayai ya Kuroiler aliowafuga uani anakuuzia kizazi kingine.

Yai hubeba na magonjwa ya mama yake. Homa ya matumbo ya kuku na mafua sugu hupita ndani ya yai, na hakuna dawa ya kupaka ganda itakayoyazuia. Vifaranga wa mayai ya kununua walelewe mbali na kundi lako, na wapate chanjo zao.

Kabla ya kutuma pesa, kubaliana haya na muuzaji: tarehe ya kutagwa iandikwe kwa penseli kwenye kila yai, lisizidi siku tatu au nne. Lifungwe peke yake, ncha nyembamba chini, boksi ndani ya boksi na pumba au magazeti katikati. Lisafiri usiku, ndani ya basi kwa konda, kamwe lisiwe kwenye buti karibu na injini. Likifika usilioshe, kwa sababu maji huondoa utando unaoziba vinyweleo vya ganda. Liache limesimama ncha chini kwenye chumba chenye ubaridi kwa saa 12 hadi 24, hewa itulie. Yale uliyoyaandika namba yaweke mashinani yakiwa yamesimama hivyohivyo, bila kuyageuza siku mbili tatu za kwanza, kisha yainamishe taratibu upande huu na huu badala ya kuyabiringisha.

Hesabu yako ya pesa ifanye kwa kifaranga. Tuseme yai ni shilingi 1,000 na nauli ya boksi 10,000. Trei ya 30 imekugharimu 40,000, na wakitoka 15, kila mmoja amesimama karibu 2,700 kabla ya umeme. Wafugaji wazoefu huhesabu nusu kwa mayai yaliyosafiri mbali. Linganisha na bei ya kifaranga wa siku moja kwenye mji wako, kisha uamue.

Ile hesabu ya sahani nilimtumia muuzaji wangu pamoja na picha. Alinyamaza siku mbili, kisha akajibu kwamba jogoo wake alikuwa mmoja kwa matetea 22, akaniuliza ningemshauri nini. Trei ya pili aliikabidhi kwa konda mwenyewe, mayai ya siku tatu, na nikapata vifaranga 19. Tarehe za penseli sasa anaandika bila kuombwa.

(Itaendelea wiki ijayo: siku tatu za mwisho mashinani.)