Kwa Nini Kidonge Kisirukwe

Lipo swali ambalo akina mama wa Musoma, Bunda na Butiama huulizana kwa sauti ya chini, wakianika dagaa mwaloni au wakirudi kliniki: "Kama nina nguvu, nalima na kupika, mbona nimeze dawa ya UKIMWI kila siku? Nikiruka siku mbili tatu kuna ubaya gani?"

Wapo wanaoruka si kwa uvivu. Kidonge kimefichwa ndani ya gunia la mtama kwa sababu mume hajaambiwa, na siku mume akishinda nyumbani, kidonge hakimezwi. Hatuwalaumu. Tunataka tu kueleza dawa hii hufanyaje kazi, maana anayeelewa sababu hushika agizo kwa moyo.

Mkasi wa kirusi

Kirusi cha UKIMWI hakiwezi kuzaana peke yake. Huingia ndani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazoulinda mwili, na kuzitumikisha zitengeneze virusi vipya. Protini nyingi za virusi hivyo hutengenezwa zikiwa zimeungana kama jora refu la kitenge. Fundi hawezi kushona gauni kabla ya kukata jora. Kirusi nacho kina mkasi wake, kimeng'enya kiitwacho protiezi. Mkasi huo usipokata, virusi vipya havikomai wala haviwezi kuambukiza.

Lakini utauzuiaje mkasi usiouona? Wataalamu waliigandisha protini hiyo ikawa fuwele, mfano wa punje za chumvi, wakapitisha mionzi ya eksirei, na kwa hesabu wakapata umbo lake. Mwaka 1989 umbo hilo lilitangazwa Marekani. Ni vipande viwili pacha, kila kimoja kina asidi amino 99, na katikati pana mdomo wa kukatia.

Basi wakatengeneza dawa inayofanana na kipande cha lile jora, ila haikatiki. Mkasi ukiiuma, unakwama. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, sakwinaviri, iliruhusiwa Marekani Desemba 1995. Tangu mwaka 1996, dawa za namna hii zilipochanganywa na nyingine, vifo vilipungua sana katika nchi tajiri.

Kwetu tulisubiri. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera, ng'ambo ya ziwa letu, mwaka 1983. Dawa za bure za serikali zilianza kutolewa mwaka 2004. Katikati hapo ni miaka 21 ya misiba, na yatima waliolelewa na bibi zao.

Kidonge cha sasa

Kidonge ambacho wengi hupewa sasa, TLD, kilianza kutumika nchini mwaka 2019. Ndani yake zimo dawa tatu. Mbili, tenofoviri na lamivudini, hukizuia kirusi kisinakili urithi wake. Ya tatu, dolutegraviri, huzuia kimeng'enya kingine, ambacho ni kama sindano inayoushona urithi wa kirusi ndani ya urithi wa chembe yetu. Mwaka 2010 wataalamu wa London walionyesha umbo la sindano hiyo kwa kutumia kirusi kingine cha ukoo huo huo. Ndipo ikaonekana jinsi dawa za kundi hili zinavyoingia penye tundu lake na kung'ang'ania madini ya magnesi yaliyomo.

Kitasa kikibadilika

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Dawa inategemea umbo, kama ufunguo unavyotegemea kitasa. Kirusi kinapojinakili hukosea mara nyingi, na kosa lingine hubadili umbo la kitasa. Dawa ikiwa tele katika damu, virusi havipati nafasi ya kuzaana. Ikipungua kwa kurukwa, huzaana tena, na vile ambavyo ufunguo hauviingii ndivyo hustawi. Huo ndio usugu. Dolutegraviri ni ngumu zaidi kushindwa kuliko dawa za zamani, lakini si kwamba haishindwi. Na mama mwenye virusi sugu anaweza kumwambukiza mumewe au mtoto virusi hivyo hivyo sugu.

Elimu hii ya umbo inaendelea kuzaa matunda. Mwaka 2024 zilitoka habari za utafiti wa wasichana na wanawake vijana wa Uganda na Afrika Kusini wasio na virusi. Kati ya 2,134 waliochomwa lenakapaviri, sindano ya mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Dawa hiyo hushika ganda la ndani la kirusi, ambalo nalo umbo lake lilichunguzwa kwanza.

Imani na dawa

Tunakumbuka mwaka 2011, magari yalipofurika kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe. Wapo walioacha dawa zao baada ya hapo. Sisi tunaamini katika maombi, na hatuoni kwamba maombi yanakataza kidonge. Luka alikuwa tabibu. Naamani mwenye ukoma aliagizwa ajichovye Yordani mara saba. Angeishia ya sita, angerudi kwao na ukoma wake.

Basi, dada mpendwa, chagua saa moja ya kila siku: baada ya sala ya asubuhi, au watoto wakishalala. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, usiache. Mama anayemeza dawa yake vizuri anaweza kumlea mtoto asiye na virusi. Ukisahau, meza mara ukumbukapo, na mweleze muuguzi ukweli bila woga. Na kama kinachokuzuia ni siri iliyo kati yako na mumeo, mwombe mshauri wa kliniki akusaidie namna ya kumwambia kwa usalama. Gunia la mtama si mahali pa kuufichia uhai wako.