Kinanda Kikichelewa, Usikimbilie Kununua Kadi

Mpiga kinanda kilichounganishwa na kompyuta akibonyeza noti leo akaisikia "kesho", hupunguza mwendo bila kujijua, na kwaya nzima humfuata. Ushauri wa haraka huwa ni kununua kadi ya sauti ya nje. Kwa mwenye kompyuta mpakato ya Linux hapa Mpepai, Mbinga, nasema pesa ya mauzo ya kahawa ibaki mfukoni kwanza.

Mara nyingi kinachochelewesha ni bafa, akiba ya sauti inayosubiri zamu yake. Kwa kasi ya fremu 48,000 kwa sekunde, bafa ya fremu 1,024 hula milisekunde 21. Fungua QjackCtl, dirisha la kuendeshea JACK, mfumo wa sauti wa Linux, uishushe hadi 256: ni milisekunde 5 na ushee. JACK hupanga bafa mbili, basi hesabu kama 11, sawa na kukaa mita zisizofika 4 kutoka kwenye spika. Kidole hakilalamiki. Mtumiaji awe kwenye kundi la "audio" lenye ruhusa ya kipaumbele cha wakati halisi, zima Wi-Fi, ondoa hali ya kubana umeme. Sauti ikikwaruza, panda hadi 512.

Yote hayo ni bure, ila bando. Ubuntu Studio, Linux iliyoandaliwa kwa kazi za sauti, ni gigabaiti kadhaa. Mwenye Linux tayari apakue JACK, QjackCtl na Qsynth (programu ya kutoa sauti za kinanda) tu, kisha awanakilie wenzake kwa flashi.

Kale kakadi kadogo ka USB ka bei ya chini kaache. Kanafaa tundu la sauti likiharibika, lakini kasi hakaongezi.

Udhaifu wa kweli wa kadi ya ndani ya kompyuta huonekana ukirekodi kwaya kwa maiki: mvumo wake hautibiwi na mpangilio wowote. Hapo ndipo pesa ina kazi. Kadi ya nje ya Behringer UM2 huuzwa ng'ambo chini ya dola 100, Focusrite Scarlett Solo zaidi ya hapo, bado usafiri hadi Mbinga. Zote hufanya kazi na Linux, lakini kila moja ina tundu moja tu la maiki ya XLR. Ukilinganisha na nauli ya kwaya nzima kwenda studio Songea, kilomita zipatazo 100 kutoka Mbinga mjini, kadi inajilipa upesi. Ningejinyima nichukue Scarlett 2i2 yenye matundu mawili: maiki moja mbele ya soprano na alto, nyingine mbele ya tenori na besi.