Sikukuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga

Kila mwaka, tarehe 3 Juni, Wakatoliki wa ulimwengu mzima humkumbuka Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa Uganda. Padre huvaa mavazi mekundu, rangi ya damu yao. Namugongo, karibu na Kampala, hujaa watu maelfu kwa maelfu, na wengine hufika kwa miguu baada ya safari ya siku nyingi, hata kutoka Kenya.

Lakini hata mahali kama Kalokol, penye wavuvi wa Ziwa Turkana, habari hii yawahusu sana Wakristo. Jimbo la Lodwar ni pana, tena kavu, na Mkristo aliye mbali na misioni mara nyingi huongozwa katika sala na katekista, si padre. Naye Lwanga hakuwa padre.

Mapadre Weupe waliingia Buganda mwaka 1879, wakaondoka mwaka 1882, wasirudi hata mwaka 1885. Muda huo wote dini ilishikwa na vijana wenyewe, wakifundishana. Mkubwa wao, Yosefu Mukasa, aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga tarehe 15 Novemba 1885, kwa kuwa alimlaumu Kabaka juu ya kuuawa kwa Askofu Hannington, tena aliwakinga watumishi wadogo wasiharibiwe na bwana wao. Siku ile ile Lwanga alikwenda misioni akabatizwa, akarudi kuwalinda vijana wale.

Mwezi Mei 1886, huko Munyonyo, hasira ya Kabaka ilizidi. Usiku ule Lwanga alijua kwamba kutapambazuka vibaya, na baadhi ya vijana wake walikuwa hawajabatizwa. Padre yuko mbali; njia ya kumwita hakuna. Basi alitwaa maji akawabatiza mwenyewe, akiwamo Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Kanisa lakubali jambo hilo panapo hatari ya kufa. Ajabu ni kwamba mbatizaji mwenyewe alikuwa Mkristo wa miezi sita tu!

Asubuhi Kabaka aliamuru wanaosali wajitenge upande mmoja. Wakajitenga. Walifungwa, wakapelekwa Namugongo, wakangoja siku kadhaa huku kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni, ambayo mwaka ule ilikuwa Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana, Lwanga alitangulizwa peke yake, akachomwa polepole kuanzia miguuni. Kisha wakachomwa wenzake, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja.

Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na mwaka 1969 alifika Uganda mwenyewe. Altare ya kanisa kubwa la Namugongo imesimama pale alipochomwa Lwanga.

Siku hiyo, penye padre, misa husomwa. Pasipo padre, katekista hufungua kitabu, husoma masomo ya siku, na watu husali.